Safu ya Pili ya Matundu

Kazini walimwita Bi Mizani, na jina hilo lilimganda mpaka walinzi wa getini wakalisahau lile la kwenye kitambulisho. Kazi yake, ukimsimulia mtu asiyeijua, atadhani unamfanyia mzaha: alikuwa fundi wa mashine inayovuta sigara.

Inavuta kweli. Ina midomo ishirini ya mpira iliyopangwa mstari mmoja, na kila mdomo hupewa sigara yake. Ukiiwasha inapiga pafu, inatulia, inapiga tena, haikohoi wala haichoki, mpaka moto ufike kwenye mstari ambao Bi Mizani ameuchora kwa kalamu. Moshi wote hupita kwenye kiduara cheupe kinene kama sarafu, na kiduara hicho hutoka kina rangi ya chai iliyokolea. Yeye hukipima kabla, akakipima tena baadaye, na tofauti ndiyo habari yenyewe: sigara hii ina lami, ule uchafu wa moshi unaonata, kiasi gani, ile ina nikotini kiasi gani. Madirisha ya chumba hayafunguliwi, kwa sababu upepo ukicheza, vipimo navyo hucheza. Kwa hiyo watu hawakuwa na desturi ya kuingia kumsalimia. Karani wa masijala alimpungia mkono kupitia kioo, kama mtu anayemuaga msafiri.

Na moshi hauna adabu. Aliacha koti lake jeupe kazini, akaoga akifika nyumbani, lakini harufu ilibaki kwenye nywele na kwenye mishono ya nguo. Siku moja akipanda ngazi kwenda kwake ghorofa ya tatu, alimsikia jirani wa mlango wa pili akimwambia mgeni wake, "Mtu mzima yule, na bado anavuta. Mjane wa watu! Huoni hata majirani hawamzoei?" Bi Mizani, ambaye katika miaka yake hamsini na saba hakuwahi kutia sigara mdomoni, alitafuta ufunguo ndani ya mkoba muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaingia, akafunga mlango taratibu ili wasijue kwamba amesikia.

Aliyekuwa akivuta ni mumewe.

Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na hata nyumbani mkewe alimwita Mwalimu. Alikuwa mtu wa maneno mengi na chaki mifukoni, mtu wa kubishana na bei ya nyanya mpaka muuzaji acheke. Sigara alianza chuoni. Alijaribu kuacha mara tatu. Mara ya tatu alikaa siku arobaini, akawa mkali kama pilipili, hadi binti yao, aliyekuwa bado shuleni wakati huo, akamwambia mama yake chinichini, "Mama, mnunulie tu, tupumzike." Wakacheka wote wawili, na Mwalimu akarudia sigara.

Baada ya hapo akaja na hoja yake. Ilikuwa jioni, mkewe anakunja nguo kitandani.

"Wewe si ndiye unayezipima hizi? Niambie basi. Kama siwezi kuacha, ipi ni afadhali?"

"Hakuna afadhali, Mwalimu."

"Hesabu haikosi ndogo na kubwa. Ndogo ni ipi?"

Bi Mizani aliweka kando shati alilokuwa akilikunja. Wiki hiyohiyo alikuwa amepima zile za pakiti ya bluu, zilizoandikwa ubavuni "nyepesi". Lami miligramu nne. Zile alizokuwa akivuta Mwalimu zilikuwa na kumi na nne. Nne kwa kumi na nne, mtoto wa darasa la pili anajua ipi ni ndogo.

"Za bluu," akasema.

Akavuta za bluu miaka kumi na moja. Aliwaambia walimu wenzake, "Hizi amenichagulia mke wangu, maabara nzima imethibitisha." Saratani ya mapafu ilipogunduliwa, daktari alimuuliza anavuta aina gani, naye akajibu kwa fahari iliyomuuma mkewe hata wakati ule, kabla hajajua kitu: "Nyepesi, daktari. Nyepesi kabisa." Alikufa ndani ya miezi mitano. Siku ya mwisho mkewe alikuwa kando ya kitanda peke yake. Binti yao, aliyekwisha kuwa mkunga katika mji mwingine, alikuwa zamu, akafika kesho yake asubuhi na sare yake ya kazini chini ya koti.

Lililomvunja Bi Mizani lilikuja miezi saba baada ya mazishi.

Nchi nyingi zilikuwa zimetia saini mkataba wa kupunguza matumizi ya tumbaku, na maabara za nchi hizo zikaanza kufundishana. Akaja mwanamama mmoja kutoka nchi ya mbali, mrefu, mpole, ana sanduku la vifaa na tabia ya kuomba radhi kabla ya kila sentensi. Alileta njia mpya ya kupima. Akaeleza kwamba vichungi vya sigara zinazoitwa nyepesi vimetobolewa matundu madogo mno, macho hayayaoni bila lenzi. Mashine inapovuta, hewa safi huingia kwenye yale matundu, ikauzimua moshi, na kipimo kikawa kidogo. "Lakini radhi," akasema, "mtu si mashine. Mtu huyaziba kwa midomo na vidole, bila kujua. Na mwili wake ukikosa kile unachokitaka, huvuta kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo sasa tutayaziba kwa utepe wa gundi, na mashine itavuta pafu kubwa, kila nusu dakika."

Wakajaribu na sigara iliyokuwa karibu. Ilikuwa ya bluu.

Kumi na tisa.

Mgeni alitikisa kichwa akisema ndivyo ilivyo kila nchi. Bi Mizani aliandika kumi na tisa kwenye daftari kwa mwandiko wake uleule ulionyooka, akaomba ruhusa, akaenda chooni, akafungua bomba la maji lote. Mbele ya macho yake aliuona mkono wa Mwalimu. Alikuwa akiibana sigara karibu kabisa na mdomo, kwa vidole viwili vinene vya mtu wa chaki, kama anayeogopa kunyang'anywa. Miaka kumi na moja aliuona mkono ule.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kazini wangesema si kosa lako, ndiyo njia iliyokuwapo, na wangesema kweli, na ukweli huo usingemsaidia kitu. Binti yake ndiye aliyemwogopa zaidi. Alipokuja likizo, mama alipata nguo za kufua na mazulia ya kukung'uta. Binti akipiga simu, mama aliuliza habari za kazi, akajibiwa njema, akasema, "Haya, mwanangu, nisikucheleweshe." Simu za kila Jumapili zikawa za kila mwezi. Baadaye zikawa za sikukuu tu. Miaka sita ikapita hivyo. Chumba cha mashine upande huu, vyumba viwili vya nyumbani upande ule, na katikati hakuna aliyemuuliza umeamkaje akasubiri jibu.

Mwaka wa saba likaja zoezi la maabara saba.

Liliandaliwa hivi: maabara moja ilituma sigara zilezile kwa nchi saba, zikiwa zimevuliwa pakiti, zimebaki na herufi tu. Kila maabara inapima peke yake, inatuma majibu, halafu yanalinganishwa. Wakikubaliana, basi njia ya kupima ni nzuri, na serikali yoyote inaweza kusimama mbele ya kampuni yoyote ikasema vipimo vyetu hivi hapa. Maabara ya Bi Mizani ilipewa namba tano. Ndani ya boksi kulikuwa na sampuli sita, karatasi za maelekezo, na mizingo ya utepe wa kuzibia matundu, upana wa kidole kimoja.

Utepe ulikuwa umekauka. Boksi lilikaa wiki nyingi bandarini kwenye joto, na gundi ilibanduka kama maganda. Bi Mizani akafungua droo yake, akatoa utepe wake mwenyewe, mpana kidogo zaidi, akaandika jambo hilo kwenye fomu kama ilivyo desturi, akaendelea.

Wiki tatu baadaye, mkuu wa maabara alikuja na karatasi mkononi, akaingia ndani ya chumba chenyewe, jambo la nadra. Alikuwa kijana kuliko yeye kwa miaka ishirini, na alimheshimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kukuomba. Sampuli hii ya mwisho, herufi F. Maabara sita zimepata lami kumi na moja, kumi, kumi na mbili, hapo hapo. Sisi tumepata ishirini na mbili."

"Nilipima mara tano."

"Najua. Lakini mama, wengi wape. Sita kwa mmoja! Wakubwa wanauliza kama mashine yetu ni nzima. Mkutano ni Alhamisi ijayo. Tukiandika kwamba utepe uliharibika, kwa hiyo kipimo kile kifutwe, yameisha. Hakuna atakayetucheka."

"Na kama ndicho cha kweli?"

Mkuu alikuna shingo. "Basi nipe sababu, mama. Nikiwa na sababu, nitasimama. Bila sababu, nitaanguka na wewe utaanguka na mimi."

Alipotoka, Bi Mizani alijaribu kujiona kama wengine watakavyomwona: mwanamke anayekaribia kustaafu, macho yanaanza kuhitaji miwani mipya, anaishi peke yake, ananuka moshi. Je, hakuna uwezekano amekosea? Uwezekano upo siku zote. Alimkumbuka Mwalimu akiwaambia wanafunzi kwamba jibu lisilolingana na la wenzako si kosa mpaka urudie njia hatua kwa hatua. Akavaa koti, akarudia hatua kwa hatua.

Aliomba utepe mpya wa upana uleule wa maelekezo, ukaletwa kutoka maabara ya chuo. Kwa utepe huo, sampuli F ilitoa kumi na moja. Kwa utepe wake mpana, ishirini na mbili. Akarudia kesho yake. Kumi na moja, ishirini na mbili. Basi tatizo halikuwa mashine, wala macho yake. Akachukua sigara moja ya F, akachana karatasi ya kichungi kwa wembe, akaitandaza juu ya kioo chenye taa chini yake, akainamisha lenzi.

Safu ya kwanza ya matundu ilikuwa pale ilipotarajiwa. Na mbele yake, kuelekea kwenye tumbaku, mahali utepe wa upana wa kidole kimoja usipofika, palikuwa na safu ya pili, nyembamba zaidi, matundu kama ya ncha ya sindano. Maabara sita zilikuwa zimeziba mlango mmoja na kuacha wa pili wazi.

Alikaa. Bado kulikuwa na swali ambalo wangemuuliza: mtu wa kawaida, je, huziba na hiyo safu ya pili? Kama haizibi, basi kumi na moja ni haki yake. Akachukua sigara nyingine ya F, akawatazama walio nje ya kioo kuhakikisha hawamwangalii, akaishika. Si kwa kibanio, kama alivyozishika maelfu kwa maelfu. Aliishika kwa vidole viwili, akaibana, akaisogeza karibu na mdomo bila kuugusa. Akaitoa, akaangalia vidole vilipokuwa vimekaa. Vilikuwa juu ya safu ya pili barabara.

Mlango ukafunguliwa. Mkuu wa maabara alisimama kizingitini, macho yamemtoka.

"Mama! Usiniambie umeanza!"

Bi Mizani alicheka, kicheko kikamtoka kwa kishindo kama kikohozi, na kabla hakijaisha, machozi yalikuwa yameshafika. Mkuu hakujua afanye nini na mikono yake. Akavuta kiti, akaketi, akangoja. Bi Mizani akajifuta kwa mkono wa koti, akamwonyesha kioo chenye taa.

"Sababu yako hiyo hapo," akasema.

Alhamisi walikaa wawili mbele ya skrini. Maabara saba zilikuwa kwenye visanduku saba, na lugha iliyotumika ilikuwa ya kukopa, ile ambayo kila mmoja aliizungumza kwa lafudhi ya kwao. Mkuu alieleza, akaonyesha picha ya matundu. Mwenyekiti, yule mwanamama mrefu wa sanduku, mvi sasa zimemjaa, alisogea karibu na kamera.

"Radhi, naomba kuuliza. Mmejuaje kwamba wavutaji hushika hapo? Kuna utafiti mmefanya?"

Mkuu alimgeukia Bi Mizani. Hawakuwa wamepanga azungumze.

"Nimeishi na mvutaji miaka ishirini na sita," akasema. "Alikuwa anashika hapo."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa, na ilionekana ameelewa kwamba neno "alikuwa" halikuponyoka kwa bahati mbaya. Ndipo kwenye kisanduku cha maabara ya pili mwanamume mmoja mwenye kipara akawasha maikrofoni yake. Aliongea taratibu, akiwa na mkuu wake kando.

"Na sisi utepe wetu ulikauka. Mimi pia nilitumia wa kwangu mwanzoni. Nilipata ishirini na moja. Nikadhani nimekosea, nikatupa, nikatafuta utepe wa upana wa maelekezo, nikarudia mpaka nikapata kitu kinachofanana na nilichotarajia." Akavua miwani. "Naomba kiandikwe. Ishirini na moja."

Mkuu wake alimtazama kwa jicho ambalo hata kwenye skrini lilionekana kali, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Wakaandika. Wiki iliyofuata maabara nyingine tano zilipanua utepe, na zote zikafika ishirini na kitu. Karatasi ya maelekezo ikabadilishwa kwa nchi zote: sentensi moja tu kuhusu upana wa utepe na kuangalia safu zote za matundu kabla ya kuziba. Haikuwa na jina la mtu.

Mambo mengine yalikuja polepole, kama yanavyokuja ya serikali. Vipimo vya zoezi vilitiwa kwenye faili pamoja na vya nchi nyingine, faili likaenda kwa wanasheria, likakaa, likasukumwa. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tangazo lilitoka kwamba pakiti zisiandikwe tena kiasi cha lami, wala neno "nyepesi", kwa kuwa yote mawili yanamdanganya mnunuzi. Kazini walikata keki. Karani wa masijala aliingia ndani ya chumba cha mashine kwa mara ya kwanza, akasema, "Kumbe huku kuna joto hivi!" akatoka.

Bi Mizani alibeba kipande chake cha keki hadi nyumbani. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua bado limo jikoni. Alifungua redio, akaifunga. Furaha ilikuwapo, lakini ilikuwa kama mgeni aliyekuja kumtafuta mtu mwingine ndani ya nyumba ile. Akachukua simu, akampigia binti yake, ingawa haikuwa sikukuu.

"Mama? Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Uko kazini?"

"Ndiyo nimetoka. Mama, kuna nini?"

Akasema, kwa haraka, kabla ujasiri haujamponyoka: "Mimi ndiye niliyemwambia baba yako avute zile za bluu. Nilimwambia ni ndogo. Hazikuwa ndogo. Nilijua baadaye, baada ya kumzika, nikanyamaza."

Upande wa pili alisikia mlango wa gari ukifungwa, miguu ya watu, kisha pumzi tu.

"Hilo la kumwambia nalijua," binti akasema. "Baba alimwambia kila mtu. Alikuwa anajivunia." Akaongeza: "Hilo la pili silijui. Kwa hiyo ndilo?"

"Ndilo nini?"

"Ndilo lililokufanya unikimbie. Mama, miaka yote hii nikija unafua. Nyumba nzima unaing'oa unafua! Nilidhani unanilaumu mimi, kwa sababu sikuwapo siku ile. Kwamba niliwazalisha watoto wa watu na baba yangu anakata roho."

"Haki ya Mungu sijawahi kuwaza hivyo hata siku moja."

"Ningejuaje?"

Lilikuwa swali la haki.

"Unajua tunavyosema wodini," binti akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Mficha uchi hazai. Sisi wawili tumeficha vya kutosha." Kisha, kwa ukali: "Na nimekasirika, Mama. Nisikudanganye. Si kwa ajili ya Baba. Baba angevuta hata majani ya mpapai. Nimekasirika kwa ile miaka."

"Una haki."

"Nitakuja mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi hakuja, zamu zilibadilishwa. Alikuja mwezi uliofuata, kwa siku moja na nusu, akaomba aoneshwe mashine. Bi Mizani alimpeleka Jumamosi asubuhi, jengo likiwa tupu. Binti alisimama na barakoa usoni, akatazama sigara ishirini zikiwaka na kufifia kwa pamoja, akatazama kiduara kikigeuka rangi.

"Baba angeipenda hii," akasema mwishowe. "Angesimama hapa siku nzima akiisumbua kwa maswali."

"Angeibishia vipimo."

"Angeibishia mpaka iache kuvuta."

Walicheka, lakini hawakukumbatiana. Bado kulikuwa na uzito kati yao, kama kabati ambalo watu wawili wamekubali kulihamisha na hawajaamua walianzie upande gani. Mchana binti alipanda gari la kurudi kwake. Bi Mizani alipanda ngazi zake, akamkuta jirani akifagia mlangoni. Wakasalimiana, na jirani akarudi kwenye ufagio wake.

Siku hizi binti hupiga simu Jumapili alasiri. Kuna Jumapili wana mengi, wakasimuliana habari za wagonjwa na za mkuu wa maabara aliyeoa. Kuna nyingine hawana la kusema. Hapo hakuna anayesema nisikucheleweshe. Bi Mizani huiegemeza simu kwenye kopo la sukari, akaendelea kuosha vyombo vyake, na kutoka upande wa pili husikia sufuria zikigongana kwenye sinki la mbali, maji yakifunguliwa, yakifungwa.